Mashine ya Matundu Matano

Billings, Montana
14 Aprili 2018

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Habari za Kolstad, na baridi imewaachia kidogo? Huku theluji imebaki kwenye vivuli vya nyumba tu, ila upepo ni ule ule. Mimi ni mzima, na watoto wa shule bado wanakula ninachowapikia, wakilalamika kama kawaida.

Kalamu ilisita kidogo hapo nilipoandika "Baba". Tangu mwanao Curt aondoke na yule mwanamke wa Spokane, dada yangu Janelle ananiambia mtu akishaachwa hana mkwe tena. Mimi nimekuita Baba miaka yote ya ndoa na mdomo umezoea. Ukiona haifai niambie, sitakasirika.

Naandika kwa sababu simuni hunisikii. Nimejiunga na kikundi cha wanawake wa kulenga shabaha kwa bastola, tunakutana Jumamosi. Nilianza ili tu nisishinde nyumbani nikitazama koti lake lililobaki mlangoni. Sasa nimenogewa. Shida ni risasi. Asubuhi moja inameza kopo zima, na za dukani siziwezi. Ile mashine ndogo ya kujazia upya maganda, uliyotupatia tulipooana, Curt aliibeba.

Wenzangu wanatumia mashine za mzunguko, zile ambazo sahani inazunguka na maganda, kila ukivuta mpini inatoka risasi iliyokamilika. Najua unavyozionea kinyaa. Lakini mtu wa kuniambia ipi ni ipi ni wewe tu. Ninunue ya namna gani?

Wasalimie majirani zako Duane na Ardis. Waambie jemu yao imekwisha na chupa nimeosha.

Mkweo, ukikubali,
Kendra


Kolstad
23 Aprili 2018

Mwanangu Kendra,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima, magoti ndiyo yanayonisema vibaya. Theluji imeondoka kwenye shamba la juu, Duane ameanza kupanda. Ng'ombe wake mmoja kazaa mapacha, na kwa anavyotembea kijijini ungedhani kazaa yeye.

Kuhusu hilo la kuniita Baba, mimi na marehemu mke wangu Lavonne hatukuachana na wewe. Aliyeachana na wewe ni Curt. Yeye na mambo yake. Hilo limekwisha, tuzungumze ya maana.

Mashine ya mzunguko ni kama kupika vyungu vitano kwa mkono mmoja. Mimi nina ile yangu ya chuma, hatua moja moja: leo natoa kwenye maganda fataki za zamani, vile viwashio vya baruti, kesho natia mpya, keshokutwa baruti, kisha vichwa vya risasi. Kila ganda linapita mkononi mwangu mara nyingi mpaka tunajuana. Kwenye mzunguko kila kitu kinatokea pamoja. Ganda hili linasukumwa fataki, la pili linamiminiwa baruti, la tatu linakalishwa kichwa, na wewe unatakiwa uyaone yote. Ukikwama katikati, ukavuta tena bila kufikiri, umeshatia baruti mara mbili, au hukutia kabisa. Risasi isiyo na baruti inakwama ndani ya mtutu. Yenye baruti mara mbili inapasua bastola mkononi.

Kwa hiyo usinunue. Nitakujazia mimi. Nina muda kuliko kitu kingine chochote. Nimeweka taa mpya karakana, maana hizi za siku hizi zinauzwa hafifu sana, nimezirudisha dukani mara mbili. Duane anakuja mnadani Billings mwezi ujao, atakuletea makopo mawili.

Wewe lenga. Mambo ya mashine niachie.

Baba


Billings
3 Juni 2018

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hali yako, na magoti? Duane alifika na makopo, na mikate ya viazi ya Ardis, ambayo haikuvuka usiku ule. Asante sana. Risasi zako zinang'aa kama zimetoka kanisani.

Kwenye shindano la Jumamosi nimekuwa wa nne kati ya wanawake kumi na kitu. Verna, yule mama anayesimamia muda, ana miaka karibu na yako na sauti ya fundi wa barabara. Aliniambia, "Unavuta kifyatulio kama unang'oa jino. Kibembeleze." Nimeanza kukibembeleza.

Nilipita duka la bunduki kutazama mashine hata hivyo, usinune. Wauzaji wawili waligombana mbele yangu, mmoja wa mashine za buluu, mwingine wa nyekundu, kama mashabiki wa mpira. Walipochoka mmoja akaniuliza, "Ni zawadi ya mumeo, mama?" Nikamwambia mume wangu yuko Spokane na mashine anayo. Akaenda kupanga kofia.

Hujaniandikia tangu Duane aje. Ukipata nafasi nitumie hata mistari miwili.

Mkweo,
Kendra


Billings
19 Julai 2018

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Niko salama, hilo ulijue kwanza kabla hujaendelea kusoma. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Jumamosi iliyopita nilivuta kifyatulio na bastola ikasema "pu", kama chupa ya soda iliyokaa wazi. Mkono umezoea, kidole kilikuwa kinarudi kuvuta tena. Verna alikuwa nyuma ya bega langu. Hakupaza sauti. Alisema, "Acha. Toa kidole." Nikatoa. Tukaifungua bastola, tukachungulia. Mtutu ulikuwa giza. Kichwa cha risasi kimekaa katikati kama kizibo. Ningevuta mara moja zaidi, bastola ingepasuka mbele ya uso wangu.

Verna akaniuliza, "Nani kakujazia hizi?"

Nikamwambia nimejaza mwenyewe.

Akanitazama. "Basi mama, pumzisha mashine yako mpaka ujue kosa liko wapi."

Nilikwenda nyumbani nikakaa mezani na kopo lako. Nilizivunja zote moja moja, nikapima baruti kwenye mizani ya Verna. Nyingi zilikuwa sawasawa kabisa. Moja ilikuwa tupu. Iliyofuata ilikuwa na baruti imejaa mpaka mdomoni, kana kwamba ulimimina humo sehemu ya mwenzake. Ile tupu ingenikwamisha tu. Hii nyingine, Baba, siwezi kuacha kuifikiria.

Sikuandiki kukulaumu. Umejaza risasi tangu kabla sijazaliwa na hakuna aliyewahi kuumia. Ndiyo maana naogopa. Kuna kitu kimebadilika, na nadhani si taa. Tafadhali usipige risasi yoyote uliyojaza mwaka huu. Na tafadhali nenda ukaonwe macho.

Nijibu, hata kwa hasira.

Mkweo,
Kendra


Billings
16 Agosti 2018

Baba,

Shikamoo. Nakuuliza hali na najua hujibu.

Nilimpigia Ardis. Amesema unakula, unakwenda kanisani, ila karakana umeipiga kufuli na ufunguo umempa Duane. Amesema ukiulizwa unajibu kwamba kuna joto. Nimewaomba wasikusumbue, lakini mimi nitakusumbua kidogo.

Nimenunua mashine ya mzunguko. Imo ndani ya sanduku, sebuleni, na juu yake nimeweka jagi la maua ili isinitazame. Sijaifungua. Nilisoma kijitabu chake jioni moja, nikasoma tena, na kila ukurasa nilikuwa nakusikia ukibishana nao. Siwezi kuiunga na kuifunga mezani bila wewe. Simaanishi ni vigumu. Vijana wa dukani wangenifungia kwa saa moja. Sitaki wao.

Verna nilimwambia ukweli. Akasema marehemu mume wake alikuwa akimimina kahawa kwenye kikombe kisichokuwepo mezani kabla hawajajua macho yake yameisha. Akacheka, halafu akafuta uso.

Andika chochote.

Kendra


Kolstad
9 Septemba 2018

Mwanangu,

Naandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, ndiyo maana ukurasa mmoja umebeba maneno machache. Utasamehe. Sijambo mwili.

Barua yako ya Julai nilisomewa na Ardis, maana sikuweza kuimaliza mwenyewe. Alipofika kwenye ile ya "pu" aliacha kusoma. Nikamwambia endelea.

Siku ile ile nilikwenda karakana, nikavunja kila risasi niliyoikuta. Ardis alinitazamia. Tulipata nyingine tupu. Nilikuwa napanga maganda kwenye ubao, namimina baruti moja baada ya nyingine, kisha nachungulia kwa taa. Niliona baruti kwenye kila ganda. Nakuapia niliiona. Daktari wa Great Falls anasema jicho likipoteza kitu katikati, akili inajaza pengo kwa kile ilichozoea kukuta. Mimi nimezoea kukuta baruti.

Ni ugonjwa wa katikati ya jicho. Pembeni naona vizuri, naweza kuona mbwa anapita. Nikimtazama mtu usoni, sioni uso. Hakuna dawa ya kuurudisha. Leseni ya gari nimeirudisha mwenyewe. Nilidhani taa ndizo mbovu, Kendra. Yule mtu wa duka nilimtukana.

Sikujibu kwa sababu sikujua mtu anaandika nini kwa mtu ambaye nusura amuue. Bado sijui.

Usinisubiri na mashine. Waache vijana wa dukani wakufungie, tena usimame karibu uone. Vifaa vyangu nitavigawa. Curt alipiga simu, akapokea Ardis. Akanieleza kwamba anauliza kama nitauza shamba. Macho hakuyauliza, maana hajui, na sikuona sababu ya kumwambia kwa kupitia mdomo wa jirani.

Umekuwa mtu mwema kwangu na hakuna kinachokulazimisha.

Orlin


Billings
15 Septemba 2018

Baba,

Shikamoo. Umejiandikia "Orlin" hapo chini kana kwamba tulikutana kituo cha basi. Sikubali.

Nashukuru umeniambia. Nililia kidogo jikoni, kisha nikaunguza supu ya watoto wa shule, kwa hiyo na wao wamekuombea.

Sasa sikiliza. Zilikuwepo mashine za aina mbili za bei yangu. Moja ina matundu manne na sahani unaizungusha kwa kidole, na wengi walinishauri hiyo kwa sababu ya upole wake. Nyingine ina matundu matano na inajizungusha yenyewe ukivuta mpini. Nimechukua ya matano, na sababu si haraka. Tundu la kwanza linatoa fataki kuukuu, la pili linatia mpya na kumimina baruti, la nne linakalisha kichwa, la tano linabana mdomo. Lile la tatu, katikati, ni la kengele. Kijiti kinashuka ndani ya kila ganda kupima kimo cha baruti. Ikipungua inalia. Ikizidi inalia. Kwenye ile ya manne ningelazimika kuacha kitu kimoja ili kengele ipate kiti.

Najua utasema kengele si jicho. Jicho litakuwa langu. Mimi nitachungulia kila ganda kabla sijaweka kichwa. Wewe utavuta mpini, maana mkono wako unajua kitu kikiwa kigumu kuliko kinavyotakiwa, na wangu bado haujui.

Shule inafunga siku chache Oktoba kwa mkutano wa walimu. Ninakuja na sanduku. Mwambie Duane akurudishie ufunguo. Usigawe kitu.

Mkweo,
Kendra


Kolstad
11 Novemba 2018

Mwanangu Kendra,

Marahaba, maana najua umenisalimu huko uliko. Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Theluji ya kwanza imeanguka, na Duane amepata kulungu dume, nusu ya soseji ni yako.

Nimekuwa nikizirudia kichwani zile siku zako za Oktoba hapa. Ulivyoingia na sanduku lile zito bila kungoja msaada, ukaondoa jagi la maua ambalo ulisafiri nalo kutoka Billings, sijui kwa nini. Ulivyotaka kuifunga kwenye meza ndogo ya dirishani nikakukatalia. Meza ikitikisika, baruti inarukaruka kutoka ndani ya maganda, na utaishia kulaumu mashine. Tukatoboa ile meza ya mbao nene, bolti zikapita mpaka chini. Ulilaani kwa maneno ambayo Lavonne asingeyapenda.

Halafu ukataka kujaza sahani nzima mara moja. Nikakwambia ganda moja. Ukaninunia. Ganda moja lizunguke peke yake, tundu kwa tundu, kila kalibu, yaani kile chuma kinachoshuka juu ya ganda, tuirekebishe nalo, mpaka litoke salama. Ndipo la pili. Nilivyokusikia unahesabu pumzi zako kwa hasira nilijua utakuwa fundi.

Sahani ile ilikuwa inaruka kila ikizunguka. Nilivuta mpini mara kadhaa, nikakwambia bolti ya katikati imelegea. Ukasema, "Umeionaje?" Sikuiona. Iligonga kiganja. Ukakaza robo mzunguko, ikawa inateleza kama mlango wa kabati jipya.

Nikwambie na lingine. Ulipoijaribu kengele, ukaweka ganda tupu makusudi, ukanisubiri kama mtu anayengoja watoto wafungue zawadi. Nilikuwa nimejiandaa kukudanganya kwamba nimeisikia. Sikusikia kitu, sauti nyembamba ziliniacha zamani. Ukagundua, na nilihisi umekata tamaa. Ndipo ukaushika mkono wangu wa kushoto ukauweka juu ya kile kisanduku cha kengele. Kikatetemeka chini ya vidole kama nyuki ndani ya kiberiti. Ukatia baruti mara mbili, nyuki akaja tena. Ukatia sawasawa, kimya.

Hilo sikukushukuru siku ile, nakushukuru leo.

Ulipoweka zile za kwanza kwenye mtutu kuona kama zinakaa, na ukanihesabia mezani, nilijiona mtu mwenye kazi. Kisha siku ya mwisho, tukila, ukaniambia kuna chumba cha nyuma nyumbani kwako. Nilikujibu vibaya. Nilisema mimi si mbwa wa kuokotwa. Ulinyanyua sahani ukaosha vyombo. Najuta namna nilivyosema. Jibu lenyewe bado ni hapana.

Mashine umeiacha hapa, nimeifunika shuka. Uichukue.

Baba


Billings
8 Desemba 2018

Baba,

Shikamoo. Ardis ameniambia ulianguka kwenye ngazi za nyuma ukakaa kwenye theluji mpaka Duane alipoona mlango wako wazi. Nakuandikia taratibu, kama unavyonifundisha kuvuta mpini.

Sikukualika kwa huruma. Nyumba hii ina vyumba vitatu na mtu mmoja anayeongea na redio. Bastola yangu ya Jumamosi imelala kwa sababu sitaki kujaza peke yangu, na mashine iko kwako. Mtu wa kunikataza mambo sina. Ulikuwa unanikataza vizuri.

Chumba cha nyuma hakina ngazi. Karakana ni ile gereji, nimeiwekea kipasha joto. Kama utakuja, njoo na ile meza nene. Kama hutakuja, nitaendelea kuandika, na Ardis ataendelea kusoma na kupeleka habari kijiji kizima.

Mkweo,
Kendra


Kolstad
2 Januari 2019

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Duane anasema barabara itakuwa wazi katikati ya mwezi. Meza imelazimu tuikate miguu ili ipite mlangoni. Duane ataiunga tena huko.

Shamba nimemkodisha yeye. Curt nimemwandikia anwani yako kama mahali nitakapopatikana, na nimemwambia habari ya macho. Ilinichukua kurasa sita za kalamu nene.

Sili figili.

Baba


Tucson, Arizona
10 Machi 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Umeamkaje huko nyumbani kwetu, na je, Verna anakuletea chakula au anakuletea mahubiri? Janelle ameshatolewa nyuzi za upasuaji, anatembea, na ananituma kama mjakazi, kwa hiyo amepona. Nitakaa naye wiki mbili zaidi. Huku watu wanavaa kaptula. Nimechomwa na jua pua tu.

Naandika barua kwa sababu simuni tunapigiana kelele mpaka majirani wa Janelle wanafungua madirisha. Mwambie Verna akusomee, au yeyote atakayekuwepo.

Jumapili iliyopita nilishindana kwenye uwanja wao wa jangwani. Wanawake wa huku ni hatari. Nilikuwa wa saba, na nimefurahi kuliko ile siku ya kuwa wa nne. Kila risasi tuliyojaza ilisema inachotakiwa kusema. Nilipokuwa napakia, nakiri, nilitamani kuzivunja zote tena kama ile Julai. Nilikumbuka kwamba kila moja ya hizo niliichungulia mimi na wewe ukaigusa. Nikapakia zote.

Janelle aliniuliza jana kama bado namchukia Curt. Nilimjibu kwamba kuachwa nimeshazoea, kuna siku nzima hupita sikumbuki. Ninachoshindwa kumsamehe ni kwamba baba yake anapoteza macho na yeye alichowahi kuuliza ni shamba tu. Samahani kukuandikia haya, ni mwanao. Lakini tulikubaliana tusifichane.

Usivute ule mpini peke yako. Nakujua.

Mkweo,
Kendra


Billings
19 Machi 2019

Mwanangu Kendra,

Marahaba. Mimi mzima. Verna ananiletea vyote viwili, na mahubiri yana chumvi zaidi.

Sijavuta mpini. Nimeufuta vumbi tu.

Barua yako ilifika Alhamisi. Ilinikuta na mgeni. Curt alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Spokane, ameendesha gari usiku kucha, akasimama mlangoni na mfuko mmoja. Nilimtambua kwa jinsi anavyokohoa kabla ya kusema. Akasema, "Baba, ni mimi." Nikamwambia najua, funga mlango, joto linatoka.

Tulikaa kama wagonjwa wanaongoja daktari. Kisha mtu wa posta akapita. Curt akaleta bahasha, akaniuliza kama anisomee. Nilifikiri kidogo. Nikamwambia soma, usiruke kitu.

Alisoma vizuri mwanzoni. Alicheka alipofika kwenye pua yako. Alipofika kwa Janelle sauti ilipungua, na mimi ni kiziwi, nikamwambia paza. Akapaza. Alisoma lile neno la shamba kwa sauti ambayo Verna angeisikia kwake. Akasoma mpaka jina lako, akakunja barua, akanirudishia mkononi. Sikuuona uso wake. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kidogo, nadhani na yeye alishukuru.

Kisha akasema, "Sikuja kwa ajili ya shamba." Nikamwambia hilo amwambie anayehitaji kuambiwa.

Alitaka kuona mashine. Nikampeleka gereji. Akanyoosha mkono kwenye mpini, nikamwambia hiyo ni ya Kendra, huigusi mpaka akuruhusu. Akakaa kwenye kiti chako, mikono magotini. Nikamweleza tundu moja moja. Kwenye la tatu nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya kisanduku, nikatia ganda tupu. Alikaa hapo na mkono juu yake hata kilipokwisha kutetemeka.

Alilala kwenye kochi, akatengeneza bomba la jikoni lililokuwa linadondosha maji, akaondoka Jumamosi. Mlangoni akaniuliza kama ningekuombea radhi kwa niaba yake. Nikamwambia hapana. Anwani anaijua, aliishi humu. Sijui kama ataandika. Sijui kama ungetaka aandike, na sitakuuliza.

Ila kila mchana natoka mwenyewe mpaka kwenye sanduku la barua, nikipapasa ukuta, naingiza mkono. Leo kulikuwa na katalogi ya mbegu tu.

Rudi salama.

Baba